Nyabiondo si nyumba ya kando ya ramani

Mashariki mwa Congo, kila uporaji unapotokea, lawama hazikawii kufika kwa michezo ya video. Wazazi, wachungaji na walimu wanasema kwamba vijana wanashinda na simu mkononi, wakipiga risasi za bandia na kubeba vitu katika nyumba za bandia, na kwamba mwisho wake ni kufanya yaleyale katika nyumba za kweli. Lawama hiyo ni rahisi kuitoa, na kwa sehemu kubwa si ya haki. Lakini ndani yake kuna punje ya ukweli ambayo wachezaji wenyewe wangefaa kuitazama, hasa wale wanaotoka Masisi na Walikale, ambako uporaji haujawahi kuwa mchezo.

Kwanza tuangalie mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wanaoulaani hawajawahi kuushika mkononi.

Mfano mzuri ni Helldivers 2, uliotengenezwa na Arrowhead Game Studios ya Sweden na kutolewa na Sony mwezi Februari 2024. Wachezaji hadi wanne wanashuka pamoja kwenye sayari ya kubuni na kupewa kazi kuu ya kutimiza kabla muda haujaisha. Lakini ramani ina sehemu nyingine ambazo hakuna amri ya kuzifikia: kambi zilizoachwa, vyombo vilivyoanguka, kontena zilizofungwa, mahandaki yenye mlango wa chuma. Kikosi kinaweza kuzipita zote na bado kikashinda. Kikigeuka kando, kinapata silaha, medali na sampuli za kuboresha vifaa vyake.

Sehemu hizo zimepangwa kwa akili. Mlango wa handaki haufunguki kwa mtu mmoja: una vitufe viwili, na wachezaji wawili wanapaswa kuvibonyeza kwa pamoja. Medali iliyookotwa na mmoja inahesabiwa kwa wote. Anayebeba sampuli akiuawa, sampuli zinabaki chini mpaka yeye ao mwenzake arudi kuzichukua, na hazina faida yoyote kama hazikufikishwa kwenye chombo cha kuondokea. Kwa hiyo anayekimbia peke yake kwa tamaa anapoteza, na anayemngoja mwenzake anapata.

Kwa wenye simu za kawaida, michezo inayojulikana zaidi ni Free Fire na PUBG Mobile. Humo watu wanne wanaweza kuunda kikosi kimoja, wanaruka kutoka kwenye ndege, wanaingia nyumba kwa nyumba na kukusanya bunduki, risasi na dawa kabla ya kukutana na vikosi vingine. Nyumba zilizo mbali na barabara kuu mara nyingi ndizo zenye usalama zaidi wa kutafuta. Mchezaji anayezijua anaheshimiwa na wenzake.

Raha yake inaeleweka. Ni raha ya kugundua kitu ambacho wengine wamekipita, na raha ya kugawana na wenzako kilichopatikana. Hakuna ubaya katika raha hizo mbili. Mtoto anayepanda mlima kutafuta matunda ya porini na kuyaleta kwa wenzake anaijua raha hiyohiyo.

Sasa twende Nyabiondo.

Nyabiondo iko katika sekta ya Osso-Banyungu, wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini, kilomita 20 hivi kutoka Masisi-centre. Barabara inayopita hapo inaendelea Kashebere, inaingia Walikale na kupitia Kibua kuelekea Walikale-centre. Njia nyingine inapanda kaskazini kuelekea Lukweti na Pinga. Ni sehemu ya vilima na misitu, ya mihogo, ndizi na maharagi, ya soko na kituo cha afya. Na kwa zaidi ya miaka 20, kila kundi lenye bunduki lililotaka kutoka Masisi kwenda Walikale, ao kutoka Walikale kwenda Masisi, limepita hapo.

Mwezi Desemba 2004, mapigano kati ya askari wa RCD-Goma na wapiganaji wa Mai-Mai yalifika Nyabiondo. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2005 kuhusu Kivu Kaskazini, ilieleza jinsi raia walivyouawa na mali zao kuporwa. Wakati huo Free Fire haikuwepo. Simu zenyewe zilikuwa chache katika vilima vya Masisi.

Mwaka 2009, wakati wa operesheni ya jeshi iliyoitwa Kimia II, shirika hilo lilihesabu raia wasiopungua 270 waliouawa tangu mwezi Machi katika eneo lililo kati ya Nyabiondo na Pinga. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ulisimamisha msaada wake kwa vikosi vya jeshi vilivyohusishwa na mauaji ya Lukweti. Hao pia hawakufundishwa na kioo cha simu.

Ukirudi nyuma zaidi, watu wazima wanaukumbuka uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993, ulioanzishwa na askari wa Zaire. Waliovunja maduka na viwanda wakati huo ni kizazi cha baba na babu za wachezaji wa leo. Kwa hiyo kusema kwamba michezo ndiyo imeleta uporaji ni kuwasingizia watoto kosa la wazee wao. Uporaji umeletwa na askari wasiolipwa, wakubwa wasiowaadhibu, na vita ambavyo havimalizwi.

Hapo wachezaji wanashinda kesi. Lakini kesi haijaisha.

Katika michezo hiyo kuna jambo moja ambalo halisemwi kamwe: nyumba ni ya nani? Mchezaji anaingia chumbani, anakuta dawa mezani, anachukua na kutoka. Hakuna mwenye nyumba. Hakuna kitanda cha mtoto, hakuna aliyekimbia usiku na kuacha sufuria jikoni. Nyumba imetengenezwa ili iwe na vitu vya kubebwa, basi. Ndiyo maana wachezaji wengi wanasema wanaokota, hawasemi wanapora. Na katika mchezo wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu kisicho na mwenyewe kinaokotwa.

Hatari inaanza pale neno hilo linapotoka kwenye mchezo na kuingia mtaani. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, ghala za Shirika la Chakula Duniani, PAM, ziliporwa. Katikati ya Februari ilifuata zamu ya Bukavu, ambako PAM ilisema karibu tani 7,000 za chakula zilibebwa. Wenye bunduki wana sehemu yao katika matukio kama hayo, lakini kila mkaaji wa miji hii anajua kwamba mlango wa depo ukishavunjwa, raia nao wanaingia. Wengine wana njaa, na njaa si ya kuchekwa. Lakini maneno yanayosikika siku hizo ni yaleyale: ni mali ya wazungu, ni mali ya serikali, wenyewe wamekimbia, si ya mtu. Yaani imeokotwa. Kumbe unga huo ulikuwa na wenyewe: wakimbizi wa ndani waliokuwa wanangoja zamu yao, na wengi wao walitoka Masisi.

Hiyo ndiyo punje ya ukweli katika lawama ya wazazi. Michezo haifundishi kupora. Inachoweza kufanya ni kuzoesha jicho kutazama nyumba bila kumtafuta mwenye nyumba. Kwa kijana wa Ulaya anayecheza chumbani kwake, mazoea hayo hayana madhara makubwa, maana mtaani kwake hakuna mlango uliovunjwa. Kwa kijana wa Masisi ni jambo lingine.

Na si kwamba haiwezekani kutengeneza mchezo wenye mwenye nyumba. Mwaka 2014, 11 bit studios ya Poland ilitoa This War of Mine, mchezo uliochukua mawazo yake kutoka mzingiro wa Sarajevo. Humo mchezaji si askari. Ni raia mwenye njaa anayetoka usiku kutafuta chakula na dawa. Moja ya nyumba anazoweza kuingia ni ya mzee na mke wake, ambao hawana uwezo wa kujitetea. Chakula kipo, dawa zipo, hakuna wa kumzuia. Lakini akiwaibia, watu wake nyumbani wanaingiwa na huzuni, na huzuni hiyo inaweza kuwamaliza kama njaa. Mchezo haukataza. Unamwonyesha tu mwenye mali.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo imekuwa ikizungumza na watengenezaji wa michezo kuhusu sheria za vita. Mwaka 2017, Bohemia Interactive ya Ucheki iliongeza katika Arma 3 sehemu nzima kuhusu sheria hizo, na sehemu ya mapato ikaenda kwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 2023 Kamati hiyo ilitumia Fortnite kuwafundisha wachezaji kanuni za msingi, kama kutompiga aliyekwisha anguka na kutoshambulia majengo ya raia. Raha ya mchezo haikupungua kwa sababu hiyo.

Kuna neno lingine la kuangaliwa. Sehemu hizo za kando ya ramani zinaitwa za hiari: ukitaka unaenda, usipotaka unaziacha, na hakuna kinachoharibika. Nyabiondo imetendewa hivyo kwa muda mrefu. Kwa wenye bunduki, ni mahali pa kupita na kuchukua mbuzi, mihogo, simu, dawa na mabati. Kwa wafadhili, ni mahali pa kufika barabara ikiruhusu. Kwa vyombo vya habari, ni jina linaloandikwa siku ya mapigano na kusahauliwa kesho yake.

Mwezi Machi 2025 hali ilikuwa hivyo tena. Vita vilisogea kutoka Masisi kuelekea Walikale, na dunia nzima ilitazama Walikale-centre, ambayo M23 iliingia tarehe 19 Machi na kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Sababu ya macho hayo inajulikana: mgodi wa bati wa Bisie, ambao kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi yake kwa wiki kadhaa, na bei ya bati ikapanda kwenye masoko. Vijiji vilivyo kati ya Masisi-centre na Walikale-centre vilikuwa njia tu. Watu wake hawakuwa na bei sokoni.

Inafaa kukumbuka pia kwamba simu na vyombo vya kuchezea michezo hiyo vinatumia tantalamu, madini yanayotoka kwenye coltan. Rubaya, iliyo katika wilaya hiyohiyo ya Masisi, inakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantalamu ya dunia. M23 iliuteka mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi inayotozwa kwenye coltan huko inaliingizia kundi hilo dola 800,000 hivi kila mwezi. Kwa hiyo Masisi imo ndani ya mchezo tayari, hata kama haionekani kwenye ramani yake.

Nini kifanyike? Kufunga vyumba vya michezo ao kunyang'anya watoto simu hakutarudisha mbuzi hata mmoja Nyabiondo. Kinachohitajika ni kazi isiyo na sifa kubwa, ambayo michezo inaifanya vizuri kuliko sisi: kuhesabu. Katika mchezo kila kitu kilichookotwa kinaandikwa. Mwisho wa kazi, kikosi kinaona kimepata nini na kimepoteza nini. Katika vijiji vyetu mali inaondoka bila mstari mmoja kwenye karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Gharama ya kukosa daftari inajulikana. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Congo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Katika fedha hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu, milioni 60 ni kwa ajili ya maliasili, na milioni 40 tu ni kwa ajili ya mali iliyoharibiwa na kuporwa. Moja ya sababu ambazo majaji walizirudia ni kwamba vithibitisho havikutosha.

Mahali ambapo watu waliandika, mambo yalikwenda tofauti. Bogoro, kijiji cha Ituri, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta Germain Katanga na hatia ya kusaidia makosa yaliyofanyika huko, na uporaji ulikuwa mmoja wao. Machi 2017 majaji walikaa na maombi ya wahanga, moja baada ya jingine, wakayapima madhara: nyumba, vyombo vya nyumbani, mifugo, mavuno. Wahanga 297 walitambuliwa. Madhara yao yalikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 3.7, na Katanga akatwishwa deni la milioni moja. Kila mhanga alipewa dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Si pesa nyingi. Lakini ng'ombe wa Bogoro alitoka kwenye hesabu ya vitu vilivyopotea, akawa ng'ombe wa mtu fulani, aliyechukuliwa siku fulani.

Sheria nayo ipo. Mkataba wa Roma, ambao Congo iliuidhinisha mwaka 2002, unasema kupora mji ao kijiji ni kosa la kivita, hata kama kimetekwa kwa mapigano. Sheria ya Congo ya tarehe 26 Desemba 2022 inatambua haki ya fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono wa vita na wa makosa dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na mfuko wa FONAREV uliwekwa kwa kazi hiyo. Siku mlango huo utakapofunguka kwa watu wa Masisi na Walikale, wataulizwa: ulipoteza nini, lini, nani aliona?

Kwa hiyo daftari lianze sasa. Muuguzi mkuu aandike dawa, magodoro na sola zilizotoka katika kituo cha afya. Mkubwa wa shule aandike madawati na mabati. Wamama wa soko waandike magunia. Tarehe, jina la mwenye mali, kitu, idadi, bei yake siku hiyo, na mashahidi wawili. Majina ya wanaoshukiwa yasiwekwe katika daftari hilo, maana likikamatwa linaweza kuua mtu. Hayo yana njia yake na wakati wake. Ukurasa upigwe picha na kutumwa kwa ndugu aliye mbali, ili karatasi ikichomwa habari ibaki.

Kuna watakaosema kwamba mtu anayekimbia risasi hawezi kukumbuka kalamu. Ni kweli. Lakini anayefika kwenye kambi ao kwa familia inayompokea anabaki huko wiki na miezi, na anakumbuka vizuri alichoacha. Wengine watasema amani kwanza, hesabu baadaye. Uzoefu wa Congo unaonyesha kwamba hesabu inayosubiri amani haifanyiki kabisa: amani inakuja kwa mkataba, wakubwa wanasameheana, na aliyeporwa anaambiwa asahau.

Hapa ndipo vijana wanaocheza wanaweza kuwafaa wazee wao kuliko wanavyodhaniwa. Wao ndio wenye simu. Wanajua kupiga picha, kupanga orodha, kutuma faili pale mtandao unapopatikana. Wanajua ramani, na wamezoea kwenda mahali ambapo wengine wanapapita. Vilevile wamejifunza katika mchezo kwamba mlango mzito unafunguliwa na wawili, na kwamba kilichopatikana hakina faida kama hakikufika. Ujuzi huo usidharauliwe. Uelekezwe tu upande wa mwenye nyumba.

Wazazi waache kuogopa simu, waulize swali moja tu mtoto anapocheza: nyumba hiyo unayoingia, mwenyewe ni nani? Kwenye mchezo jibu litakuwa hakuna. Nyabiondo, jibu ni jina la mtu, na jina hilo bado halijaandikwa popote.